Jeanne d'Arc: Kesi Tatu za Msichana Mmoja

Ukiishi Bujumbura, Kigali au Bukavu, si ajabu kumkuta mwalimu, muuguzi au mama wa jirani anayeitwa Jeanne d'Arc, majina yote kwa pamoja, kama alivyoandikwa siku ya ubatizo wake. Jina hilo limezoeleka kiasi kwamba wengi hulitamka bila kumkumbuka mwenyewe wa kwanza, msichana wa miaka 19 hivi, aliyefungwa kwenye nguzo sokoni katika mji wa Rouen, kaskazini mwa Ufaransa, tarehe 30 Mei 1431, akachomwa moto akiwa hai. Wanaomkumbuka hukutana mara moja na fumbo, kwa kuwa hukumu iliyomfikisha kwenye nguzo ile ilisomwa na askofu, na Jeanne leo anaheshimiwa altareni katika Kanisa lile lile.

Jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba Kanisa lilimuua, likajuta, kisha likamtangaza mtakatifu. Jibu hilo linapotosha, kwa sababu linachanganya kesi tatu zilizoamuliwa na watu tofauti, katika nyakati tofauti, juu ya maswali tofauti. Kesi ya 1431 iliuliza kama Jeanne ni mzushi wa imani. Kesi iliyoamuliwa mwaka 1456 iliuliza kama ile ya kwanza iliendeshwa kwa haki. Kesi iliyomalizika mwaka 1920 iliuliza kama maisha yake yalikuwa ya utakatifu. Kila moja ina mantiki yake, na hakuna hata moja inayoeleweka bila kuujua kwanza ugomvi wa kifalme uliomtoa msichana huyo kijijini.

Vita vinavyoitwa vya Miaka Mia vilianza mwaka 1337, wafalme wa Uingereza wakidai kiti cha enzi cha Ufaransa kwa haki ya urithi. Mwaka 1420, kwa Mkataba wa Troyes, mfalme wa Ufaransa Charles VI, aliyekuwa akisumbuliwa na maradhi ya akili, alimnyima mwanawe urithi na kumkabidhi Henry V wa Uingereza, aliyemwoa binti yake. Wafalme hao wawili walifariki ndani ya mwaka mmoja, 1422, na taji zote mbili zikadaiwa kwa niaba ya mtoto mchanga, Henry VI, asiyekuwa hata na mwaka. Mtoto wa kiume aliyenyimwa urithi, Charles, alijikusanyia wafuasi kusini mwa mto Loire, huku Waingereza wakishirikiana na watawala wa Burgundy, ambao walikuwa Wafaransa kama yeye lakini waliokuwa na kisasi naye, kwa kuwa mtawala wao aliuawa mwaka 1419 mbele ya Charles na mikononi mwa watu wake. Kwa hiyo vita hivi havikuwa vya Wafaransa dhidi ya Waingereza tu, vilikuwa pia vya Wafaransa wenyewe kwa wenyewe, na jambo hilo ndilo linaloeleza kwa nini karibu wote waliomhukumu Jeanne walikuwa Wafaransa.

Alizaliwa karibu mwaka 1412 katika kijiji cha Domrémy, kando ya mto Meuse, kwa baba mkulima mwenye ardhi na heshima kijijini, Jacques d'Arc, na mama aliyeitwa Isabelle Romée. Mama ndiye aliyemfundisha Baba Yetu, Salamu Maria na Nasadiki, pia kusokota uzi na kushona, kazi ambazo Jeanne alijivunia hata mbele ya mahakimu, akisema kwamba katika hizo haogopi kushindanishwa na mwanamke yeyote wa Rouen. Akiwa na miaka 13 hivi, mchana wa kiangazi, katika bustani ya baba yake, alisikia sauti kutoka upande wa kanisa, ikiandamana na mwanga. Baadaye alizitambua sauti hizo kuwa za Malaika Mkuu Mikaeli na za watakatifu Katarina wa Aleksandria na Margareta wa Antiokia. Mwanzoni zilimwambia awe binti mwema na aende kanisani. Ilichukua muda kabla hazijamwambia aende kumsaidia mfalme.

Mwaka 1428 alimwendea Robert de Baudricourt, mkuu wa ngome ya Vaucouleurs, lakini mkuu huyo akamrudisha nyumbani. Alirudi tena mapema mwaka uliofuata, na safari hii akapewa wasindikizaji, akavaa mavazi ya kiume na kupita siku 11 katika nchi iliyojaa maadui hadi Chinon, alikokuwa Charles. Rafiki yake wa utotoni, Hauviette, alisimulia miaka mingi baadaye kwamba Jeanne aliondoka bila kumuaga, naye alipopata habari alilia sana.

Charles hakumwamini mara moja. Alimpeleka Poitiers, ambako wanateolojia walimhoji kwa majuma kadhaa, na huko ndiko alikosema kwamba hajui A wala B. Hawakuona baya lolote kwake, wakashauri apewe nafasi. Jambo hili halipaswi kupita haraka: miaka miwili kabla ya askofu aliyemhukumu Rouen chini ya Waingereza kumwona mzushi, wasomi wa Kanisa lile lile, waliokuwa upande wa Charles, walimchunguza wakamwona Mkristo mwema. Mpaka wa kisiasa ulipita katikati ya Kanisa kama ulivyopita katikati ya nchi.

Mji wa Orléans ulikuwa umezingirwa tangu Oktoba 1428. Jeanne aliingia mjini tarehe 29 Aprili 1429. Tarehe 7 Mei, katika shambulio la ngome ya Les Tourelles iliyolinda daraja, alichomwa na mshale kati ya shingo na bega, akalia, akafungwa jeraha, akarudi vitani, na ngome ikaanguka jioni ile. Kesho yake Waingereza waliondoka. Tarehe 18 Juni jeshi lao lilivunjwa huko Patay, na tarehe 17 Julai Charles VII alitawazwa katika kanisa kuu la Reims, Jeanne akiwa amesimama karibu naye na bendera mkononi. Reims haikuchaguliwa kwa bahati. Wafalme wa Ufaransa walipakwa huko mafuta matakatifu yaliyoaminika kuletwa kutoka mbinguni wakati wa ubatizo wa mfalme Clovis, na machoni pa watu wa kawaida mfalme asiyepakwa mafuta hayo hakuwa mfalme kamili. Msichana asiyejua kusoma alilielewa hilo kuliko washauri wengi waliotaka vita vielekezwe kwingine.

Je, alikuwa mpiganaji kweli? Swali hili huwasumbua wanaomheshimu, kwa kuwa neno mtakatifu na neno vita hayakai pamoja kwa urahisi. Yeye mwenyewe aliwaambia mahakimu kwamba aliupenda upanga wake, uliopatikana katika kanisa la Mtakatifu Katarina huko Fierbois, lakini bendera yake aliipenda mara 40 zaidi, na kwamba aliibeba mwenyewe wakati wa mashambulizi ili asimuue mtu, na hajawahi kumuua yeyote. Isieleweke kwamba alikuwa pambo tu. Mtawala wa Alençon, aliyepigana pamoja naye, alishuhudia kwamba alikuwa na ujuzi wa kupanga jeshi na hasa wa kuiweka mizinga mahali pake. Alikuwa mkali, aliwafukuza makahaba waliofuatana na askari na kuwakataza mashujaa kuapa ovyo. Lakini kijana aliyemtumikia, Louis de Coutes, alisimulia kisa ambacho kwangu kinamweleza kuliko ushindi wowote. Mfaransa mmoja, akiwaongoza mateka, alimpiga mmoja wao kichwani na kumwacha akikata roho. Jeanne alishuka kwenye farasi, akataka mtu yule aungamishwe, naye akamshikilia kichwa na kumfariji kadiri alivyoweza.

Baada ya Reims mambo yalipoa. Shambulio la Paris la tarehe 8 Septemba 1429 lilishindwa, na Jeanne akajeruhiwa pajani. Mfalme alipendelea sasa mazungumzo na Burgundy. Tarehe 23 Mei 1430, nje ya mji wa Compiègne, Jeanne alikamatwa na askari wa upande wa Burgundy, na baada ya miezi kadhaa akauzwa kwa Waingereza kwa livre 10,000, fedha iliyopatikana kwa kodi waliyotozwa watu wa Normandy. Alipokuwa bado kifungoni kwa wale waliomteka, aliruka kutoka mnara wa Beaurevoir, akaumia lakini hakufa. Hakuna ushahidi kwamba Charles, aliyepata taji kwa jasho lake, alifanya juhudi yoyote ya maana kumkomboa.

Hapo ndipo kesi ya kwanza inapoanza. Waingereza hawakuhitaji tu kumwondoa Jeanne vitani, maana wangeweza kumfunga maisha kama mateka. Walihitaji ithibitishwe kwamba nguvu yake ilitoka kwa shetani, ili kutawazwa kwa Charles kuonekane kuwa kazi ya kishetani pia. Kwa lengo hilo ilihitajika mahakama ya Kanisa. Aliyeiongoza alikuwa Pierre Cauchon, askofu wa Beauvais, mshauri wa mfalme wa Uingereza, ambaye ndiye aliyeshughulikia ununuzi wa mateka huyo. Pembeni yake aliketi makamu wa mchunguzi wa imani, Mdominiko Jean Le Maître, aliyeingia katika kesi hiyo kwa kusitasita. Barua ya mfalme Henry VI ya tarehe 3 Januari 1431 ilimkabidhi Jeanne kwa askofu ahojiwe, lakini ikaweka wazi kwamba kama hatapatikana na hatia ya imani, mfalme atamchukua tena. Mshtakiwa wa namna hiyo hana mlango wa kutokea. Akitiwa hatiani atachomwa, asipotiwa hatiani atarudi mikononi mwa adui zake.

Sheria za Kanisa za wakati ule zilivunjwa tangu mwanzo. Mtuhumiwa wa kesi ya imani alipaswa kuwekwa katika gereza la Kanisa, na mwanamke alindwe na wanawake. Jeanne aliwekwa katika ngome ya Waingereza, amefungwa pingu za chuma miguuni, akilindwa na askari wa kiume, wengine wakilala chumba kimoja naye. Hakupewa wakili wa kumsaidia. Alihojiwa na makumi ya wasomi kwa zamu, wengi wao wa Chuo Kikuu cha Paris, naye akiwa peke yake.

Majibu yake yameandikwa, na hayo ndiyo hazina ya kesi nzima. Tarehe 24 Februari aliulizwa kama anajua kwamba yumo katika neema ya Mungu. Angejibu ndiyo, angehesabiwa mwenye majivuno, kwa maana mafundisho husema hakuna awezaye kuwa na hakika hiyo. Angejibu hapana, angekuwa amekiri dhambi yake. Akajibu: “Ikiwa simo, Mungu anitie, ikiwa nimo, Mungu anidumishe humo.” Alipobanwa aseme kama anatii Kanisa lililo duniani, mtego ukiwa kumfanya aonekane anadai kulitii Kanisa la mbinguni pekee, alisema kwamba aonavyo yeye, Bwana wetu na Kanisa ni kitu kimoja, na haelewi kwa nini wanalifanya jambo hilo kuwa gumu. Mashtaka 70 yalipunguzwa kuwa 12, yakipita katika mambo matatu makubwa: sauti zake, mavazi yake ya kiume, na kukataa kwake kuukabidhi ujumbe wake kwa hukumu ya mahakimu wale.

Mavazi yanastahili maelezo, kwa kuwa wasomaji wa leo huona ni jambo dogo. Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, linakataza mwanamke kuvaa mavazi ya mwanamume. Hata hivyo Thomas wa Akwino, mwalimu mkubwa kuliko wote wa enzi zile, alikuwa ameandika kwamba mwanamke anaweza kufanya hivyo bila dhambi panapokuwa na haja, kwa mfano kujificha kwa maadui. Jeanne alilala kambini kati ya askari, kisha gerezani kati ya walinzi waliomchukia. Suruali za wakati ule zilifungwa kwa kamba nyingi kwenye vazi la juu, na kamba hizo zilikuwa ulinzi.

Tarehe 24 Mei 1431 alipelekwa kwenye makaburi ya Saint-Ouen, akasimamishwa mbele ya umati, mnyongaji akisubiri. Aliomba mambo yake yapelekwe kwa Papa. Akajibiwa kwamba Papa yuko mbali mno. Kisha, akiwa amechoka na kuogopa, alitia alama kwenye karatasi ya kukana. Mashahidi waliokuwepo walisema baadaye kwamba karatasi ile ilikuwa na mistari michache, sita hadi minane. Iliyomo katika kumbukumbu rasmi ni ndefu mara nyingi zaidi. Akahukumiwa kifungo cha maisha, akavaa mavazi ya kike, lakini badala ya kupelekwa gereza la Kanisa alirudishwa kule kule kwa walinzi wale wale.

Siku nne baadaye mahakimu walimkuta amevaa tena mavazi ya kiume. Alisema kwamba yanamfaa zaidi akiwa kati ya wanaume, na kwamba ahadi alizopewa hazikutimizwa, za kuhudhuria Misa na kupokea Ekaristi na kufunguliwa pingu. Mashahidi wa miaka ya baadaye walieleza kwamba walinzi walimnyang'anya mavazi ya kike, na kwamba kulikuwa na jaribio la kumbaka. Akaulizwa kama amezisikia tena sauti. Akasema ndiyo, na kwamba zimemhuzunikia kwa kukana ili kuokoa uhai wake. Pembeni ya ukurasa, mkabala na jibu hilo, mwandishi wa mahakama aliandika kwa Kilatini maneno mawili yanayomaanisha “jibu la mauti”. Kwa sheria, aliyekana kisha akarudia aliachwa mikononi mwa serikali, na ofisa wa serikali ndiye aliyepaswa kutamka adhabu. Siku ya tarehe 30 hata hilo halikufanyika, akapelekwa motoni moja kwa moja. Askari mmoja Mwingereza alimtengenezea msalaba mdogo wa mti, na mtawa Mdominiko akamwinulia mbele ya macho msalaba ulioletwa kutoka kanisani, naye akaita jina la Yesu hadi mwisho. Majivu yalitupwa katika mto Seine.

Kesi ya pili ilingoja hadi Charles VII alipoiteka Rouen mwaka 1449 na kumbukumbu za kesi kufikiwa. Ni kweli kwamba mfalme alikuwa na maslahi yake, kwa kuwa taji lililopatikana kwa msaada wa mzushi ni taji lenye doa. Lakini mbele ya mahakama aliyeomba haki alikuwa mama. Tarehe 7 Novemba 1455, katika kanisa la Notre-Dame mjini Paris, Isabelle Romée, sasa mzee, aliingia akisaidiwa, mkononi ana barua ya Papa Kalisto III iliyoruhusu kesi ifunguliwe upya. Mashahidi zaidi ya 100 walisikilizwa, wakiwemo wanakijiji wa Domrémy, mashujaa wa Orléans na baadhi ya wale wale walioketi Rouen mwaka 1431. Tarehe 7 Julai 1456 mahakama ilitamka kwamba kesi ya kwanza ilijaa hila, uongo na makosa ya wazi ya sheria, ikaibatilisha, na kuagiza msalaba usimikwe mahali alipochomwa. Haikusema kwamba Jeanne ni mtakatifu, wala kwamba sauti zake zilitoka kwa Mungu. Hayo hayakuwa maswali yake.

Ndiyo maana karne nne na zaidi zilipita. Watu wa Orléans waliendelea kumwadhimisha kila tarehe 8 Mei, lakini ombi rasmi la kumtangaza mtakatifu lilianzishwa na askofu wao, Félix Dupanloup, mwaka 1869 tu. Kabla yake, katika miaka ya 1840, mwanahistoria Jules Quicherat alikuwa amechapisha kumbukumbu za kesi zote mbili, na kwa mara ya kwanza wasomaji wa kawaida wakaweza kumsikia Jeanne akijibu mwenyewe. Huko Roma kesi ilikuwa na mpinzani rasmi, yule anayeitwa wakili wa shetani, aliyehoji kuruka kutoka mnarani na kule kukana kwake. Papa Pius X alimtangaza mwenyeheri tarehe 18 Aprili 1909, na Papa Benedikto XV akamtangaza mtakatifu tarehe 16 Mei 1920, wakati ambapo Ufaransa na Vatikani, zilizokuwa zimevunja uhusiano mwaka 1904, zilikuwa zikitafuta kupatana.

Majuma matatu tu baadaye, tarehe 6 Juni 1920, Papa huyo huyo aliwatangaza wenyeheri Mashahidi 22 wa Uganda, Karoli Lwanga na wenzake, ambao wengi wao walichomwa moto Namugongo mwaka 1886. Kuwaweka pamoja kunafafanua jambo linalokosewa mara nyingi. Wa Uganda waliheshimiwa kama wafiadini, yaani watu waliouawa kwa sababu ya imani yao. Jeanne, ingawa alikufa kwa moto kama wao, hakutangazwa mfiadini. Aliwekwa kati ya mabikira, kwa ajili ya fadhila alizoishi: sala, usafi, huruma, uaminifu kwa dhamiri. Kwa hiyo Kanisa halikusema mwaka 1920 kwamba vita vya Charles VII vilikuwa vita vya Mungu, wala kwamba kifo cha Jeanne pekee kinatosha kumfanya mtakatifu.

Mwezi Julai mwaka ule ule bunge la Ufaransa lilipitisha sheria ya sikukuu ya taifa kwa heshima yake, Jumapili ya pili ya Mei. Tangu hapo kila upande umemvuta. Waliopenda jamhuri walimwona binti wa wananchi aliyeachwa na mfalme na kuchomwa na askofu. Waliopenda ufalme walimwona mlinzi wa taji. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia serikali ya Vichy, iliyoshirikiana na Wajerumani, ilimtumia dhidi ya Waingereza, huku wapinzani wake wakipigana chini ya msalaba wa Lorraine, eneo linalohusishwa naye. Wanawake wa Uingereza waliodai haki ya kupiga kura waliandamana wakiongozwa na mmoja wao aliyevaa deraya juu ya farasi, ilhali wanawake wa Ufaransa yenyewe walisubiri haki hiyo hadi mwaka 1944. Naona ni dhuluma ya aina yake kumfanya bendera ya chama chochote, yeye aliyejibu kila swali kwa nafsi yake.

Masalia ya mwili wake hayapo. Chupa iliyotokea Paris mwaka 1867, ikidaiwa kuwa na mabaki yaliyookotwa chini ya nguzo ya Rouen, ilichunguzwa na wanasayansi, na mwaka 2007 ikabainika kuwa na vipande vya maiti ya Misri ya kale na mfupa wa paka. Kilichobaki ni karatasi: nakala tatu kati ya tano za kumbukumbu za kesi yake, na barua chache. Barua aliyowaandikia wakazi wa Riom tarehe 9 Novemba 1429 ina sahihi yake ya kwanza inayojulikana, herufi za mtu aliyejifunza kuandika jina lake na pengine si zaidi ya hapo: Jehanne. Juu ya jina hilo, kwa mwandiko wa karani, anawaomba wamtumie baruti, salfa, mishale na pinde imara, kwa sababu vifaa vingi vimetumika katika kuuteka mji wa Saint-Pierre-le-Moûtier na jeshi lina vifaa vichache vya kwenda kuuzingira mji wa La Charité.